Ukishafika Uingereza, vita havijakutoka

Wadogo zangu mlio kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mmeniuliza kama mtu akishapanda ndege na kufika huku mateso yanakwisha. Sitawaficha: njaa inakwisha, hofu ya bunduki inapungua, lakini vita vinakuja na wewe. Aliyenisaidia kulielewa hilo ni mama mmoja Myahudi ambaye habari zake nimezifuatilia sana, Anita Lasker-Wallfisch.

Alizaliwa mwaka 1925 Breslau, wakati huo Ujerumani. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wazazi wake walichukuliwa na Wanazi, watawala wa Ujerumani waliokuwa wakiwaangamiza Wayahudi, wakauawa. Yeye na dada yake Renate, wakifanyishwa kazi kiwanda cha karatasi, wakawa wanawaghushia mateka wa Kifaransa hati za kurudi kwao. Wasichana wadogo vile! Walipojaribu kutoroka wenyewe wakakamatwa stesheni, wakafungwa, na mwishoni mwa 1943 Anita akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wakati ananyolewa nywele na kuchorwa namba mkononi, alitaja kwamba anapiga sello, ala ya muziki kama fidla kubwa. Kambi ilikuwa na bendi ya wafungwa wanawake chini ya Alma Rosé, na mpiga sello hawakuwa naye. Basi akapona kwa hilo, akipiga muziki getini wenzake wakienda kazini asubuhi na wakirudi jioni, waliobaki. Kila nikifika hapo nashindwa kuendelea kusoma.

Baadaye akahamishiwa Bergen-Belsen, kambi nyingine ya Wanazi, na huko askari wa Uingereza walimkuta hai, Aprili 1945. Mwaka uliofuata akaja huku, na hapa ndipo lilipo jibu lenu: watu hawakumuuliza kitu. Akanyamaza miaka mingi. Akapiga sello, akawa miongoni mwa waanzilishi wa English Chamber Orchestra, kundi la wanamuziki la huku, akaolewa, akalea watoto wawili. Ujerumani hakukanyaga tena hadi miaka ya 1990, na mwaka 2018 ndipo akahutubia bunge lao.

Nami ni hivyo hivyo. Kwenye usaili wa ukimbizi niliulizwa baba aliuawa tarehe ngapi, saa ngapi, nani alishuhudia. Tangu hapo, kimya. Kazini nawaosha wazee, nawalisha, wenzangu ni watu wema, ila kila mtu anawahi basi na kuwaza kodi ya nyumba. Kilio cha pamoja, majirani kulala kwako siku za msiba, huku sijakiona.

Kwa hiyo ushonaji mnaojifunza hapo kambini msiuache eti mnangoja ndege. Na mkifika nitafuteni. Mimi nitawauliza.