Ukienda kupimwa shingo ya kizazi, uliza hivi kwanza

Nimewasindikiza wanawake wengi wa mitaa yenye msongamano kwenda kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Husemwa kwamba aibu ndiyo inayowazuia. Aibu ipo, lakini kinachowashinda zaidi ni siku. Mama anayeishi kwa kibarua akikosa kazi leo, jioni watoto hawali. Siku ya kwenda kupima huipata kwa kujibana. Ile ya kurudi kufuata majibu haipati kabisa. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujapanda kitandani muulize muuguzi: mkikuta kitu, mtanitibu leoleo? Kwa kipimo cha siki inawezekana. Anapaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kama dakika moja, na penye mabadiliko panageuka peupe. Mabadiliko madogo ya awali huunguzwa kwa kifaa cha joto au kugandishwa, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kipimo cha HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana na kinachosababisha saratani hii, hugundua vizuri zaidi, na sampuli unaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti cha pamba, peke yako. Wenye haya mimi huwashauri hicho. Ila majibu yake mara nyingi huja baadaye, basi fikiria yatapita simu ya nani. Kama simu ni ya mume au jirani, sema mapema upigiwe vipi na saa ngapi. Ukihama chumba au kubadili namba, wajulishe.

Na majibu yakionyesha HPV, usikimbilie kugombana. Kirusi hiki huweza kukaa kimya miaka mingi, hivyo hakithibitishi usaliti wa yeyote. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kisipoondoka, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kufikia saratani, na muda huo wote kinachoota kinaweza kuondolewa. Shirika la Afya Duniani linashauri uanze kupima ukiwa na miaka 30. Anayeishi na VVU aanze akiwa na 25, kwani hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya asiye na VVU.

Lakini ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usingoje kampeni ya upimaji ije mtaani. Nenda hospitali wiki hiihii, na umweleze daktari bila kuficha.