Nesi aliuliza tunachoma nini ndani

Swali lenu la wiki hii, "Je, usafi wa kupita kiasi ndio unaowaletea watoto wetu mzio?", limenichoma. Maswali ya namna hii huishia kwa mama: mara anamwogesha mtoto mno, mara hakunyonyesha vya kutosha, mara alikula pweza na mimba. Mwanangu wa kwanza alipata pumu akiwa na miaka mitatu, na hakulelewa kwenye marumaru. Alilelewa Ngamiani, Tanga, nyumba ya uani, mchangani pamoja na kuku. Kwa hiyo mimi nitasema habari ya hewa ya chumbani.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Idi. Tangu alasiri mama mkwe alikuwa akifukiza nguo: kanzu, madira, kanga mpya, hadi kishati cha mtoto. Chetezo kilikaa katikati ya chumba, udi juu ya mkaa. Madirisha tuliyafunga kwa ajili ya mbu, na dawa ya mbu ya kuchoma ikawaka chini ya kitanda. Mume wangu alivutia sigara yake mlangoni kama kawaida. Saa nane usiku nikasikia kifua cha mtoto kinalia filimbi. Nikawasha taa, nikaona mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi. Tulipata bajaji baada ya kutembea mitaa miwili. Mwanangu huyu alikuwa na tabia ya kunishika sikio akitaka kulala. Njiani alilishika, na vidole vilikuwa vya baridi. Nilimsemesha mpaka tukafika, nikiogopa akinyamaza.

Hospitali walimvalisha barakoa ya dawa ya mvuke. Alipotulia, nesi akainama akanusa kanga yangu. "Mama, ndani mnachoma nini?" Nikamjibu, udi tu. Akasema, "Moshi ni moshi, mama."

Nilimchukia siku kadhaa. Chetezo kile ndicho kilichonifukiza arobaini nzima, na mtoto huyohuyo mapajani. Ningemwambiaje mama mkwe?

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba hoja ya usafi haituhusu. Sasa sina uhakika huo. Mwaka 1989 mtafiti David Strachan aliandika juu ya watoto zaidi ya 17,000 wa Uingereza waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958: wenye kaka na dada wengi wakubwa walipata mafua ya mzio kwa uchache. Mwanangu wa pili alizaliwa nyumba ileile, akavuta moshi uleule, na hana pumu. Huenda vijidudu alivyoletewa na kaka yake vilimfaa. Huenda ni bahati yake tu, maana baba yao ana pumu tangu utotoni na mzio hufuata damu.

Karanga nazo tulimnyima yule mkubwa kwa kuogopa. Mwaka 2015 utafiti wa London wa watoto 640 walio katika hatari ulionyesha kwamba walioanza karanga wakiwa wachanga walipata mzio wake kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Ila mwenye pumu ya ngozi kali amwone daktari kwanza, na karanga nzimanzima asipewe mtoto mdogo, zitamkaba.

Basi jibu langu ni ndiyo, kwa sehemu, ingawa nilianza kwa hapana. Lakini kunawa mikono kusiguswe, sisi tunaijua kipindupindu. Na kabla hamjamuuliza mama kuhusu sabuni, ulizeni chumbani kunawaka nini.

Mama mkwe nilimwambia baada ya miezi miwili. Hakunijibu kitu. Idi iliyofuata nilimkuta uani na chetezo chake, nguo amezitandaza juu ya tenga, na mlango wa chumba chetu ameufunga.