Maswali ya Wasomaji: Mume Akiandika Talaka, Je, Ndoa Imekwisha?

SWALI: Ndugu mshauri, nilifunga ndoa ya Kiislamu miaka kumi na miwili iliyopita na tumejaaliwa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine mitano. Mume wangu ameniandikia talaka mbele ya mashahidi, akaniambia nirudi kwetu, na kwamba nyumba tuliyojenga si yangu kwa sababu hati ya kiwanja ina jina lake na mimi sijawahi kuajiriwa. Nilipokwenda mahakamani, karani alinirudisha akisema sijapitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Je, bado nina ndoa, na nyumba nitaikosa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yetu, pole kwa yaliyokufika. Idadi ya talaka, eda na hukumu nyingine za dini waulize masheikh. Mimi nitajibu kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inatumika Tanzania Bara peke yake, kwa kuwa Zanzibar mashauri ya aina hii kwa Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi.

Kwa sheria hiyo, ndoa ya wanandoa walio hai, wanaoachana hapa nchini, haivunjiki mpaka mahakama itoe amri ya talaka. Kwa hiyo mbele ya serikali wewe ungali mke halali. Hata hivyo, karatasi uliyopewa usiitupe. Kifungu cha 107 kinaeleza kuwa, kwa ndoa iliyofungwa Kiislamu, Baraza likishathibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana, na ikathibitika kuwa baada ya hapo mmoja wenu amefanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itaona kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na itatoa talaka. Talaka ya mumeo imetangulia Baraza, hivyo peke yake haitoshi kwa kifungu hicho, lakini karatasi hiyo inaweza kuwa sehemu ya ushahidi wako.

Karani naye alikuwa sahihi. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likatoa hati ya kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Unaweza kwenda baraza la kata au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Huko mawakili hawaruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu, jambo ambalo kwa maoni yangu linamsaidia asiye na fedha. Soma hati kabla ya kuondoka nayo, kwani mashauri mengi yamefutwa, hata katika ngazi ya rufaa, kwa sababu ya hati yenye kasoro au barua ya utambulisho isiyosema popote kwamba usuluhishi umeshindikana. Uifikishe mahakamani ndani ya miezi sita tangu itolewe. Mumeo akiitwa akagoma kwa makusudi, ugomaji huo haukufungii njia, kwa kuwa sheria imeutaja miongoni mwa sababu za kuruhusu shauri kuendelea.

Sasa nyumba. Jina lililo kwenye hati halimalizi ubishi. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, ikizingatia mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto. Kwamba hukuajiriwa si hoja ya kukunyima, kwani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani na malezi ni mchango unaohesabika. Wanaolitaja shauri hilo kwa furaha husahau kuwa Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwishafuja fedha alizopewa na mumewe. Wala sheria haisemi kuwa kila kitu kinakatwa nusu kwa nusu: mahakama huanza kwa kuelekea usawa, kisha hupima ushahidi. Tafuta basi risiti za vifaa, mafundi waliojenga na majirani walioona ukisimamia ujenzi. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ukihofia kuwa ataiuza, peleka ombi la zuio kwa msajili wa hati mapema.

Kuhusu watoto, kinachotangulia ni ustawi wao. Mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, isipokuwa kukiwa na sababu ya kuona vinginevyo. Huyo wa miaka tisa anaweza kuulizwa maoni yake. Wajibu wa baba wa kuwatunza haukomi kwa sababu wanaishi kwako.

SWALI: Nina miezi kumi na minne katika ndoa na hatuelewani kabisa. Naweza kudai talaka sasa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Bado, ndugu yangu. Shauri la talaka halifunguliwi kabla ya miaka miwili tangu siku ya ndoa, ila kwa kibali cha mahakama, nacho hutolewa pale tu mwombaji anapoonyesha kuwa anapata mateso yasiyo ya kawaida. Kutoelewana peke yake hakutatosha. Katazo hilo, hata hivyo, haligusi shauri la kutengana, na mnaweza pia kuandikiana makubaliano ya kuishi mbalimbali huku ndoa ikiendelea kuwapo.