Kimondo kiliwamalizaje dinosaria? Maswali yenu na majibu

Jiwe limeanguka sehemu moja tu, waliokuwa mbali walikufaje?

Hapa ndo wengi wanakwama. Kimondo kilipiga Chicxulub kule Mexico kama miaka milioni 66 iliyopita, kilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi au zaidi, kikaacha shimo la karibu kilomita 180, waliokuwa jirani wakaisha kwa moto na tsunami. Wa mbali waliuliwa na hali ya hewa. Miamba ya pale ilikuwa na jasi nyingi na ndani ya jasi kuna salfa, sasa hiyo salfa ikarushwa juu kabisa ikawa ukungu unaozuia jua, ongeza vumbi na masizi ya misitu iliyoungua, basi dunia ikaingia giza na baridi miaka kadhaa. Mimea ikakosa mwanga, walamajani wakafa njaa, walanyama nao wakafuata. Na ushahidi upo jamani, 2016 wanasayansi walitoboa lile shimo, mawe waliyoyatoa karibu hayana salfa kabisa wakati miamba ya kuzunguka inayo tele, maana yake ilishapaa.

Volkano za India je?

Zilikuwepo kweli, za eneo la Deccan huko India, zilimwaga lava mamia ya maelfu ya miaka, kabla na baada ya kimondo, na gesi zake zilichangia kuipasha dunia. Wapo wanaozitupia lawama kubwa, mimi sikubaliani nao. Joto likija taratibu viumbe wanahama, giza la ghafla dunia nzima unalihamia wapi?

Niko Lindi, wale dinosaria waliochimbwa Tendaguru huku kwetu walikufa na hiki kimondo?

Hapana ndugu yangu, wale ni wa zamani zaidi, kama miaka milioni 150. Kutoka wao mpaka kimondo ni muda mrefu kuliko kutoka kimondo mpaka sisi. Mifupa yao Wajerumani waliichimbisha 1909 hadi 1913, waliotoka jasho na kuibeba mpaka bandarini ni wazee wetu, na leo iko Berlin, inaniuma sana hiyo.

Mbona mamba yupo mpaka leo?

Mamba anaweza kukaa miezi bila kula, halafu kwenye mito na maziwa kulikuwa na mabaki ya mimea iliyooza, wadudu wakala hayo, samaki wakala wadudu, chakula hakikukatika moja kwa moja. Ndege pia ni dinosaria waliobaki, ila sio wote walipona, inaonekana waliovuka ni wale wa kukaa chini na kuokota mbegu, maana miti ya kutua ilikuwa imeteketea.