Kwa nini rangi ya kabati za jikoni inabanduka
Kama rangi mpya inabanduka karibu na vishikio na juu ya jiko, chanzo kwa kawaida ni mafuta ya kupikia. Ukianza na msasa unayasambaza tu. Fungua skrubu za bawaba, ipe milango namba, ioshe kwa maji moto na sabuni ya vyombo, suuza, iache ikauke kabisa. Ndipo upige msasa namba 120 palipobanduka, 220 kwingine, ufute vumbi lote. Paka praima (rangi ya msingi) mkono mmoja, yaani tabaka moja, kisha rangi ya mafuta mikono miwili myembamba. Ukipaka nzito itachuruzika na kubaki laini ndani. Bajeti ikibana, ndani ya kabati usipake. Vishikio vipya vinatosha kubadili sura, ila pima kwanza umbali kati ya matundu ya zamani.