Je, «lock» ya wedlock ni kufuli?

SWALI: Katika kutafsiri nyaraka za zamani za Kiingereza nimekusanya maneno wedlock (ndoa), warlock, hemlock, gavelock na bullock. Yote yanaishia kwa herufi l-o-c-k. Je, asili yake ni moja? Na je, wedlock ni kufuli la ndoa, kama sisi tunavyosema kufunga pingu za maisha?

JIBU: Asili yake si moja, na kufuli halimo hata katika neno moja kati ya hayo.

Msomaji aliyezoea kusikia kwamba ndoa hufungwa ataliona kufuli ndani ya wedlock kwa urahisi, lakini katika Kiingereza cha Kale neno hilo liliandikwa wedlac. Sehemu ya kwanza, wedd, ilikuwa ahadi au dhamana, na -lac ilikuwa kiambishi tamati cha kuundia nomino za vitendo na hali. Kiambishi hicho kilikuwa na kazi nyingi: feohtlac ni mapigano, reaflac ni unyang'anyi, brydlac ni harusi. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, msamiati mwingi wa Kifaransa uliingia, robbery (unyang'anyi) likiwemo, na jamaa za wedlock zikafifia moja baada ya nyingine hadi likabaki lenyewe. Irabu yake ndefu a iligeuka o, kama stan lilivyogeuka stone, na hapo ndipo lilipofanana na neno la kufuli. Naona huu ndio mfano mzuri kuliko yote katika orodha yako, kwa kuwa umehifadhi kiambishi ambacho kwingineko kimekufa.

Warlock lina historia tofauti kabisa. Lilikuwa wærloga, yaani mvunja agano: wær ni agano, na loga ni mwongo. Liliwahi kutumiwa kumtaja shetani, na maana ya mchawi mwanamume pamoja na tahajia ya ck vimetoka Scotland na kaskazini ya Uingereza. Kwa hiyo katika matini ya kale usikimbilie kuandika «mchawi». Soma kwanza sentensi nzima, kwani huenda anayetajwa ni msaliti.

Hemlock, mmea wenye sumu, lilikuwa hymlic. Gavelock, mkuki na baadaye mtaimbo, lilikuwa gafeluc. Katika bullock, awali fahali mchanga, herufi l ni ya bull (fahali), na kinachofuata ni -ock ya udogo, ile ile iliyomo katika hillock, kilima kidogo.

Ukikutana na jingine la namna hii, tafuta umbo lake la kale zaidi katika Oxford English Dictionary, ambayo hupanga maana kwa mfuatano wa historia na kunukuu matumizi yenye tarehe, kisha ndipo uamue neno likatwe wapi. Kwa nyaraka zako, «born out of wedlock» itafsiriwe tu «aliyezaliwa nje ya ndoa».