Bustani na Wasomaji: Fosithia isiyotoa maua

*Mama, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa nne ninaishi Hamburg na mume wangu, katika nyumba ya kupanga yenye bustani ndogo. Kwenye kona ya bustani kuna kichaka cha fosithia kinachonizidi kimo. Majirani wanasema zamani kilikuwa kikigeuka manjano tupu kabla hakijatoa hata jani moja, lakini tangu tuhamie nimeona maua machache tu, tena yote yamo ndani, karibu na mashina. Kila Oktoba bwana anayetufanyia kazi za bustani hukikata kwa mashine kikawa mviringo kama mpira. Samadi ninatia kila mwaka, tena nyingi. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kungoja miaka yote hiyo. Kichaka chako hakiumwi, wala udongo wako hauna kasoro; maua yako hukatwa na kutupwa kila Oktoba yangali vitumba.

Fosithia huchanua juu ya matawi yaliyoota mwaka uliotangulia. Maua yakishapukutika, mwezi wa Aprili au Mei, kichaka hutoa machipukizi mapya ambayo hurefuka majira yote ya joto, na kufikia mwisho wa Agosti vitumba vya maua ya mwaka unaofuata huwa vimekwisha kufungika katika makwapa ya majani, vikingoja baridi ije na ipite. Mashine inayopita juu ya kichaka mwezi wa Oktoba huondoa zile ncha zenyewe zilizobeba maua, na kuacha matawi makuukuu ya ndani, ambako ndiko ulikoyaona hayo machache. Hakikisha mwenyewe mwaka huu: mwezi wa Septemba, kabla bwana huyo hajafika, shika tawi changa, ulifuatishe kwa kidole hadi pale jani linapoungana nalo, na utavikuta vitumba viwili au vitatu vimesongamana mahali pamoja, vyembamba, vyenye ncha. Ukishavigusa kwa mkono wako, sidhani kama utamruhusu mtu kuvikata tena.

Basi jambo la kwanza ni kumwomba bwana huyo, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno, asikiguse kichaka hicho Oktoba hii. La pili ni kukipogoa kwa wakati wake, yaani mara tu maua yanapokwisha kudondoka, na kwa namna yake. Usitumie mashine. Chukua msumeno mdogo wa mkono, piga magoti, utafute chini kabisa yale mashina manene yenye gome la kijivu lililokakamaa, kisha uondoe theluthi moja tu ya hayo, ukiyakata karibu na ardhi. Mwaka unaofuata ondoa theluthi nyingine, na mwaka wa tatu iliyobaki. Hivyo mwanga utaingia hadi katikati, machipukizi mapya yatatoka chini, na kichaka kitarudia umbo lake la asili la matawi marefu yanayoinama kama upinde. Fosithia iliyoachwa huru hufika mita 2.5 hadi 3 kwa kimo, na karibu hivyo hivyo kwa upana; kama nafasi haitoshi, ni heri kupanda kitu kingine kuliko kuinyoa kila mwaka.

Wako watakaokushauri ukikate chote hadi chini ili kianze upya. Fosithia hustahimili adhabu hiyo, lakini utakosa maua katika majira ya kuchipua yanayofuata, na pengine hata baada ya hapo. Tena huko uliko kuna sheria: sheria ya shirikisho ya Ujerumani ya kulinda mazingira ya asili inakataza kukata vichaka hadi chini kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba, kwa sababu ndege hujenga viota humo. Upogoaji mwepesi wa kutunza umbo na afya ya kichaka unaruhusiwa, na ndio huu ninaokueleza, ila chungulia kwanza kama hakuna kiota. Kwa kuwa nyumba ni ya kupanga, mwarifu na mwenye nyumba.

Kuhusu samadi, punguza. Samadi nyingi huchochea majani na matawi marefu, na maua hayazidi kwa hiyo. Ndoo moja ya mboji chini ya kichaka kila mwaka inatosha. Angalia pia kama kichaka kinapata jua walau saa sita kwa siku.

Hapo Hamburg, karibu na daraja la Lombardsbrücke, kuna fosithia ambayo siku yake ya kuchanua imekuwa ikiandikwa kila mwaka tangu 1945. Pita uitazame: ikiwa imejaa maua na ya kwako bado ni kavu, utajua kwamba hali ya hewa haihusiki. Nao wakulima wa waridi wa Ujerumani huona maua ya fosithia kuwa ishara ya kuanza kupogoa mawaridi yao.

Nimefurahi kwamba swali hili limetoka kwa mtu wa Tanga, maana fosithia ni ya ukoo mmoja na asumini ambayo sisi wa pwani huitungia vikuba. Haina harufu ya kusifika, lakini mwezi wa Februari, wakati nje kungali kweusi, kata matawi matatu au manne, uyatie katika chombo cha maji sebuleni, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili, na baada ya wiki mbili hivi yatachanua mbele yako.

*Mimi niko Minneapolis. Fosithia yangu sijaikata kamwe, lakini huchanua chini tu, kiasi cha kimo cha goti, na matawi ya juu hubaki matupu hadi majani yatoke.*

Ndugu yangu, mstari unaouona ni kimo cha theluji. Vitumba vya maua vya aina nyingi za kawaida hufa baridi inapofika karibu nyuzi 25 chini ya sifuri za Selsiasi, ilhali vitumba vya majani huvumilia zaidi; vile vilivyofunikwa na theluji huokoka. Mwezi wa Machi kipasue kitumba cha juu kwa ukucha: kikiwa cheusi au kahawia ndani, kimekufa. Hakuna mbolea wala kupogoa kutakakokusaidia. Panda aina iliyochaguliwa kwa baridi kali, kama vile Northern Sun, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota, au Meadowlark, ambayo vitumba vyake hustahimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri.

*Ninaishi Dar es Salaam. Dada yangu aliyeko Ulaya anataka kuniletea vipandikizi vya fosithia kwenye begi. Vitaota?*

Huenda vikaota, lakini visitoe maua. Asili ya fosithia nyingi ni Uchina na Korea, na vitumba vyake huhitaji wiki nyingi za baridi ndipo viamke. Joto la Dar es Salaam halitavipa nafasi hiyo. Isitoshe, kuingiza mimea nchini bila kibali na cheti cha afya ya mimea ni kosa, kwani wadudu na magonjwa husafiri pamoja na vipandikizi. Mwombe dada yako akuletee picha, nawe upande alamanda ukutani mwako: ni ya manjano, hulipenda jua la pwani, na vipandikizi vyake utavipata kwa jirani.